Tangi la maji ya chumvi nyumbani: kulianzisha na kulitunza

Wengi huanza na tangi dogo kwa hoja kwamba wakishindwa, hasara itakuwa ndogo. Kwa maji ya chumvi hoja hiyo inageuka. Tangi la lita 40 linaweza kuharibika kati ya asubuhi na jioni: hita ikikwama, konokono mmoja akifia nyuma ya jiwe, au maji yakipungua kwa mvuke, kila kipimo humo hupanda au kushuka kwa kasi. Lita 200 hukupa siku moja au mbili za kugundua tatizo kabla halijaua. Samaki wa miamba ya matumbawe wanatoka kwenye maji ambayo chumvi na joto lake hubadilika polepole sana, kwa hiyo hawana uvumilivu wa samaki wa mito na mabwawa. Namba utakazozisoma hapa zina nafasi kidogo ya kupanda na kushuka. Mabadiliko ya ghafla ndiyo yasiyosamehe.

Kabla ya kununua chochote, amua unataka nini. Tangi la samaki na mawe tu ndilo rahisi kuliko yote. La matumbawe laini linadai taa nzuri na maji safi zaidi. La matumbawe magumu, yale yanayojenga mifupa ya chokaa, linadai vipimo vya kila wiki na mkono uliokwisha kuzoea. Anza na la kwanza au la pili.

Hatua ya 1: Tangi na mahali pake

Ukubwa mzuri wa kuanzia ni sentimita 90 kwa 45 kwa 45, yaani lita 182 kwa hesabu ya nje. Likishajaa maji, mawe na mchanga, pamoja na uzito wa kioo chenyewe, linakaribia robo tani, na hapo kabati la chini halijahesabiwa. Meza ya sebuleni haikutengenezwa kwa mzigo huo. Tafuta kabati la matangi au fremu imara, na kama sakafu ni ya mbao, liweke karibu na ukuta unaobeba nyumba, si katikati ya chumba.

Weka pimamaji juu ya kabati kwa urefu na kwa upana. Tangi lililoinama linabeba uzito upande mmoja, na silikoni ya kona ndiyo inayolipa. Acha nafasi ya kiganja nyuma kwa ajili ya mabomba na nyaya. Epuka jua la dirishani, kwa sababu linaleta joto na mwani, na epuka chumba ambamo dawa ya wadudu hupulizwa. Kamba na kaa wako kundi moja la wanyama na mende, hivyo dawa inayoua mende haitawabagua.

Lijaze maji ya bomba na uliache siku mbili huku ukikagua kona zote kwa kitambaa kikavu. Likivuja sasa, utapangusa sakafu tu.

Hatua ya 2: Vifaa

Maji ya bahari hubeba oksijeni pungufu ya maji baridi yasiyo na chumvi, karibu moja ya tano pungufu kwa joto lilelile. Ndiyo maana mwendo wa maji hapa si pambo. Mwaka 1846 Anna Thynne, mkazi wa London, alisafirisha matumbawe hai kutoka mji wa pwani wa Torquay, Uingereza, hadi London na kuyaweka hai nyumbani kwake. Kwa kuwa pampu hazikuwapo, mtumishi wa nyumba alikuwa akimimina maji kutoka chombo hadi chombo mbele ya dirisha lililo wazi ili yapate hewa. Leo kazi hiyo inafanywa na pampu ndogo za mwendo, moja kila upande wa tangi, zikielekezwa juu kiasi ili uso wa maji utikisike. Kwa tangi la samaki, jumla ya nguvu za pampu iwe kama mara 10 hadi 20 ya ujazo wa tangi kwa saa. Kwa matumbawe, mara 20 hadi 40.

Kwa joto, nunua hita mbili ndogo badala ya moja kubwa. Tangi la lita 180 linatosheka na mbili za wati 100. Hita huharibika kwa kukataa kuwaka au kwa kukataa kuzima, na aina ya pili ndiyo inayopika samaki. Hita moja ya wati 100 ikikwama imewaka, joto litapanda polepole kiasi cha wewe kuliona. Ya wati 300 haitakusubiri. Weka kipimajoto kinachojitegemea, usiamini namba iliyoandikwa kwenye kitufe cha hita. Lengo ni nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Mahali penye joto kali shida inakuwa kinyume, na feni inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 au 3 kwa kuongeza uvukizi.

Skima ni kifaa ambacho wafugaji wa maji yasiyo na chumvi hawakijui. Huingiza viputo vidogo sana vya hewa ndani ya bomba lenye maji. Uchafu ulioyeyuka, hasa protini, hung'ang'ania kwenye ngozi ya kiputo, hupanda pamoja na povu na kumwagikia kwenye kikombe juu. Utamwaga majimaji ya rangi ya chai yenye harufu mbaya, na kila kikombe unachomwaga ni uchafu ulioondoka kabla haujaoza. Kama una nafasi kabatini, weka tangi la pili chini, lile liitwalo sampu, ambalo maji hushukia na kupandishwa tena kwa pampu. Skima, hita na vichujio hukaa humo, na kiasi cha maji kinaongezeka. Umeme ukikatika, maji ya juu yatashuka hadi usawa wa bomba, kwa hiyo izime pampu kwa makusudi siku ya kwanza uone kama sampu ina nafasi ya kuyapokea. Toboa tundu dogo kwenye bomba la kurudishia, chini kidogo tu ya uso wa maji, ili hewa iingie na kukata mvuto wa maji kurudi chini.

Taa ya samaki peke yao ni ya macho yako tu. Ya matumbawe ni chakula: ndani ya nyama yao huishi vimelea-rafiki vya jamii ya mwani vinavyotengeneza sukari kwa mwanga, na tumbawe hula sehemu kubwa ya sukari hiyo. Nunua taa ya LED iliyotengenezwa kwa matumbawe, yenye mwanga mwingi wa buluu, na iwake saa 8 hadi 10 kwa siku kwa kutumia saa ya kuwashia, si kwa kumbukumbu yako.

Vitu viwili ambavyo watu huviahirisha na havifai kuahirishwa ni refraktometa na kijazio cha maji chenye boya. Refraktometa hupima chumvi kwa tone moja la maji. Vile vipimo vya plastiki vyenye mkono unaoelea hudanganywa na kiputo kimoja tu cha hewa, na mimi singemshauri mtu avitegemee. Kijazio nitakieleza baada ya muda mfupi.

Hatua ya 3: Maji

Maji ya bomba yana klorini au kloramini, na mara nyingi yana fosfati, silika, nitrati, hata shaba iliyotoka kwenye mabomba. Kiasi cha shaba kisichomdhuru mtu kinaweza kuua konokono na matumbawe. Tumia maji yaliyopita kwenye mtambo wa osmosisi kinyume na kumaliziwa na kichujio cha ioni, ule unaoitwa RO/DI. Kipima yabisi, yaani kifaa kinachopima vitu vilivyoyeyuka majini, kikisoma 0, maji yako tayari. Kikianza kupanda, badilisha resini, zile punje zilizo ndani ya kichujio cha ioni.

Chota maji hayo kwenye pipa la plastiki la chakula, weka pampu na hita, kisha mimina chumvi ya akwariamu kidogo kidogo huku yakizunguka. Chumvi ya jikoni haifai, kwa kuwa haina kalisi, magnesi, potasi na vingine vinavyofanya maji yawe ya bahari. Hesabu gramu 35 hadi 40 kwa lita, kutegemea aina ya chumvi na unyevu wake. Daima chumvi huingia kwenye maji. Ukimimina maji juu ya lundo la chumvi, kalisi na kabonati hukutana zikiwa nzito mno na kuganda kuwa ukungu mweupe usioyeyuka tena. Acha yazunguke usiku kucha. Lengo ni sehemu 35 kwa elfu, ambayo refraktometa huonyesha pia kama uzito linganifu wa 1.026 hivi. Sahihisha kipimo chako kwa maji maalumu ya sehemu 35 kwa elfu, si kwa maji matupu pekee.

Wanaoishi karibu na bahari huuliza kwa nini wasichote tu. Inawezekana, mradi uchote mbali na midomo ya mito, bandari na mifereji, wakati maji yanajaa, na si baada ya mvua kubwa. Lakini maji hayo yana viumbe vidogo vinavyokufa vikifungiwa, na huwezi kujua leo kuna nini ndani yake ambacho jana hakikuwepo.

Sasa kijazio. Maji yanapogeuka mvuke, chumvi hubaki. Chukua tangi la lita 100 linalopoteza lita 2 kwa siku. Usipojaza kwa siku 5, zimebaki lita 90 zenye chumvi ileile ya lita 100, na sehemu 35 zimekuwa karibu 39. Kisha unakuja na ndoo, unamwaga lita 10 kwa mara moja, na chumvi inaanguka tena. Samaki wamepigwa mara mbili. Kijazio chenye boya hurudisha kikombe kidogo kila maji yanaposhuka, usiku na mchana. Na kinachorudishwa ni maji matupu ya RO/DI, kamwe si maji ya chumvi. Anayejazia kwa maji ya chumvi atajikuta na tangi lenye chumvi inayopanda kila wiki bila kujua inatoka wapi.

Hatua ya 4: Mawe na mchanga

Mawe ndiyo kichujio chako kikuu. Yana vitundu vingi, na kila kitundu ni makazi ya bakteria. Kilo moja kwa kila lita 8 hadi 10 inatosha. Mawe hai, yaliyotoka tangi jingine au baharini, huja na bakteria tayari na pia wageni usiowaalika: kaa wanaokula nyama, minyoo, anemoni wadogo wa aina ya Aiptasia wanaozaana hata ukiwakata. Mawe makavu huja bila mtu, na tangi huchelewa kukomaa. Kwa anayeanza napendelea makavu mengi na kipande kimoja cha jiwe hai kutoka tangi la mtu unayemwamini.

Panga mawe kwenye kioo cha chini kwanza, mchanga ufuate. Samaki na kamba wachimbao wakichimba chini ya jiwe lililokaa juu ya mchanga, jiwe huporomoka. Yaunganishe kwa gundi ya matumbawe au saruji yake, acha mapango na njia za kupita, na yasiguse kioo, ili sumaku yako ya kusafishia ipite. Mchanga wa aragonaiti, aina ya chokaa, wenye kina cha sentimita 2 hadi 4 unatosha. Suuza mpaka maji yatoke safi.

Hatua ya 5: Kulikomaza tangi

Hapa ndipo subira inapopimwa, na hapa ndipo matangi mengi hufa kabla ya kuzaliwa. Kinyesi na chakula kinachooza hutoa amonia, ambayo huunguza matamvua ya samaki hata ikiwa kidogo. Kundi moja la vijidudu hula amonia na kutoa nitriti. Kundi la pili hula nitriti na kutoa nitrati, ambayo samaki huivumilia. Makundi haya hayapo ya kutosha kwenye tangi jipya, na huzaana taratibu. Kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6.

Washa pampu na hita, zima taa. Weka amonia safi isiyo na sabuni wala manukato mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, kisha ongeza bakteria wa chupa ukipenda. Pima kila siku mbili. Utaona amonia ikishuka na nitriti ikipanda, kisha nitriti nayo ikishuka na nitrati ikitokea. Nitriti hupanda juu sana na kukaa huko hadi mtu akate tamaa, iache. Tangi limekomaa pale unapoweka miligramu 2 za amonia leo na kesho saa kama hizi ukakuta amonia 0 na nitriti 0. Badilisha nusu ya maji ili kupunguza nitrati iliyojikusanya, na sasa unaweza kufikiria samaki.

Njia ya zamani ya kutia samaki wagumu ili kinyesi chao kianzishe mzunguko ingali inashauriwa madukani. Ni ukatili usio na faida. Wakifa umepoteza wanyama. Wakipona, mara nyingi ni samaki wagomvi ambao sasa wamejimilikisha tangi zima na utashindwa kuwatoa bila kubomoa mawe.

Hatua ya 6: Samaki

Ukinunua, uliza kwanza kama samaki amezalishwa kifugoni. Amphiprion ocellaris, yule mwenye rangi ya chungwa na mistari myeupe, huzalishwa kwa wingi, anakula chochote na hahitaji anemoni hata kidogo. Nunua wawili wadogo. Wote huanza wakiwa madume, na atakayetawala hugeuka jike, kwa hiyo huna haja ya kuchagua jinsia. Pterapogon kauderni pia atafutwe kutoka kwa wazalishaji: asili yake ni visiwa vya Banggai nchini Indonesia, na huko uvuvi wa kuuza kwa ajili ya matangi umempunguza hadi kuorodheshwa miongoni mwa wanyama walio hatarini.

Wapo wa kuwaacha. Paracanthurus hepatus, yule wa buluu na mkia wa manjano, hufika karibu sentimita 30 na huogelea kutwa. Lita 180 ni jela kwake. Synchiropus splendidus, mwenye michoro ya kupendeza kuliko wote, hula viumbe vidogo vilivyo hai kwenye mawe na katika tangi changa hufa njaa akiwa amezungukwa na chakula asichokitambua. Labroides dimidiatus, msafishaji wa samaki wenzake, mara nyingi huishia hivyohivyo.

Tangi la lita 180 linabeba samaki wadogo 5 au 6. Waingize mmoja au wawili kwa wakati, subiri wiki 2 au 3 ili bakteria waongezeke, wapole watangulie na wagomvi wawe wa mwisho. Funika tangi kwa wavu, kwani wengi huruka.

Karantini ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Tangi la pili la lita 40 hadi 80, bila mawe wala mchanga, likiwa na hita, kichujio cha sponji kilichokaa wiki kadhaa kwenye sampu yako, na vipande vya bomba vya kujifichia, linatosha. Kila samaki akae humo walau wiki 4. Adui ni Cryptocaryon irritans, mdudu anayeonekana kama punje za chumvi mwilini. Punje hizo zikianguka, samaki huonekana amepona. Mdudu kumbe amejifunga kwenye gamba mchangani, na hutoka baadaye akiwa wengi. Akishaingia kwenye tangi kuu, njia ya uhakika ni kuwatoa samaki wote kwa matibabu na kuliacha tangi bila samaki kwa wiki 11. Dawa ya shaba humuua mdudu huyo, lakini huua pia konokono, kamba na matumbawe, kwa hiyo itumike kwenye karantini pekee, kwa kipimo cha karatasi ya dawa na kwa kupima shaba kila siku. Amyloodinium ni mbaya zaidi: vumbi jembamba la dhahabu, pumzi za haraka, na kifo ndani ya siku chache.

Siku ya kumleta samaki, uache mfuko wake uelee juu ya maji dakika 15 hadi 20 joto lilingane. Kama safari ilikuwa fupi, mdondoshee maji ya karantini tone kwa tone kwa nusu saa. Kama alisafiri saa nyingi, usichelewe. Ndani ya mfuko uliofungwa amonia imejikusanya, lakini kabonidioksidi aliyoitoa imeushusha pH (kipimo cha uasidi wa maji) na kuifanya amonia isiume. Ukifungua, gesi inatoka, pH inapanda, na amonia ileile inakuwa sumu. Kwa samaki wa namna hiyo andaa karantini yenye chumvi sawa na ya mfuko, mhamishe mara moja, kisha upandishe chumvi kwa siku kadhaa. Kwa vyovyote, maji ya mfuko yamwagwe.

Wasafishaji huingia mwani ukianza kuonekana: konokono wa Trochus kwa kioo na mawe, Nassarius kwa mchanga, kamba wa Lysmata amboinensis kwa mabaki. Waanze wachache. Konokono 40 kwenye tangi safi watakufa njaa na kuwa amonia.

Hatua ya 7: Matumbawe

Subiri miezi 3 au zaidi. Anza na Discosoma au Sarcophyton, ambayo husamehe mengi, kisha jamii ya Euphyllia. Acropora yangoje mwaka. Nunua vipande vilivyokatwa kutoka matangi mengine badala ya makoloni ya baharini. Matumbawe magumu yote, pamoja na kombe wakubwa wa Tridacna, wako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea walio hatarini, hivyo kuyavusha mipaka kunahitaji kibali.

Kila kipande kioshwe kwenye dawa ya kuogeshea matumbawe kabla ya kuingia, kiwekwe chini kwanza kwenye mwanga hafifu, na kipandishwe polepole kwa wiki kadhaa. Acha sentimita 10 hadi 15 kati ya jirani na jirani. Usiku baadhi hutoa mikono mirefu yenye sumu na kumuunguza aliye karibu.

Matumbawe magumu hunyonya kalisi na kabonati kujenga mifupa. Shika ukalini, yaani kabonati iliyomo majini inayopimwa kwa dKH, kati ya 8 na 11 dKH, kalisi miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesi 1250 hadi 1350. Ukalini ndio wa kupimwa mara nyingi, na usiubadilishe zaidi ya 1 dKH kwa siku. Tangi linalokaa 8 mwezi mzima ni bora kuliko linalorukaruka kati ya 8 na 11. Kuhusu pH, ikiwa kati ya 7.9 na 8.4, iache. Chupa za kupandisha pH huvuruga ukalini, na mara nyingi tatizo lenyewe ni hewa nzito ya chumbani, fungua dirisha.

Matunzo ya kila siku, wiki na mwezi

Asubuhi tazama kipimajoto, hesabu samaki, angalia kama pampu zote zinazunguka. Lisha mara moja au mbili, kiasi kinachoisha ndani ya dakika 2. Chakula kilichogandishwa kiyeyushwe na kusuuzwa kwenye chujio dogo, kwa sababu maji yake yana fosfati nyingi. Samaki aliyekosa chakula siku moja hana shida, lakini chakula kilichobaki kitaoza humo humo.

Kila wiki badilisha asilimia 10 ya maji. Andaa maji mapya usiku uliotangulia, yalingane na tangi kwa chumvi na joto, zima pampu na hita, futa kioo, nyonya uchafu wa mchangani kwa mpira, kisha rudisha polepole. Usisahau kuwasha vyote tena. Hesabu kidogo hapa: ubadilishaji wa asilimia 10 hupunguza nitrati kwa asilimia 10 tu, kwa hiyo mwenye nitrati miligramu 80 kwa lita hatafika 20 kwa ndoo moja. Kwa samaki peke yao, chini ya 40 inavumilika. Kwa matumbawe, kati ya 2 na 15. Fosfati iwe chini ya 0.1, na isiwe 0 kabisa, kwa sababu matumbawe nayo hula. Osha kikombe na shingo ya skima, maana mafuta yakijikusanya pale povu halipandi. Sponji na soksi za kuchujia zioshwe kila baada ya siku 3 au 4.

Kila baada ya miezi 3 au 4 loweka pampu kwenye siki iliyochanganywa na maji, usugue chokaa, na hita ziangaliwe kama zina ufa. Andika vipimo kwenye daftari. Namba moja haisemi mengi, ila mwelekeo wa miezi miwili utakuonyesha shida kabla ya samaki kukuonyesha.

Mambo yakiharibika

Vumbi la kahawia kwenye mchanga mpya ni diatomu, wanaokula silika, huisha wenyewe. Nyuzi za kijani zinamaanisha nitrati na fosfati nyingi: zing'oe kwa mkono, punguza chakula, ongeza konokono. Utando mwekundu unaobanduka kama ngozi ni sianobakteria, na hupenda pembe zenye maji yaliyotulia, kwa hiyo geuza pampu. Dawa za kuua mwani weka mbali. Mwani unaokufa kwa pamoja hula oksijeni yote usiku mmoja.

Umeme ukikatika, kinachokwisha kwanza ni oksijeni. Joto hushuka kwa saa nyingi, lakini hewa inaweza kuisha ndani ya saa chache katika tangi lililojaa. Kuwa na pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe. Ukiwa huna, chota maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu, kama kwa Anna Thynne. Usilishe. Kichujio cha mtungi kilichofungwa na kukaa bila mwendo kwa saa nyingi kisiwashwe tena bila kuoshwa, kwa kuwa kilichomo kimeanza kuoza.

Usalama wako

Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri na huacha ukoko kila yanaporukia. Kila waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuifikia, ili tone liishie sakafuni. Soketi ziwe ukutani juu, si chini ya tangi, na ziwe nyuma ya swichi inayokata umeme unapovuja. Zima vifaa kabla ya kuingiza mkono.

Matumbawe ya Palythoa na baadhi ya Zoanthus yana palitoksini, miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Yashike kwa glavu na miwani. Usichemshe kamwe mawe yenye hayo, wala kuyasugua kwa maji moto: mvuke wake umewalaza watu hospitalini. Mwenye kidonda mkononi asiingize mkono bila glavu ndefu, kwani Mycobacterium marinum hukaa kwenye matangi na kidonda chake huchukua miezi kupona. Ukienda kwa daktari na uvimbe usiopona, mwambie kwamba unafuga samaki.

Ukisafiri

Kwa siku 3 au 4, samaki wazima walioshiba hawahitaji mlishaji. Zaidi ya hapo, gawa chakula kwenye vifurushi, kimoja kwa siku moja, uvifiche vingine vyote. Jirani mwenye huruma na kopo zima mkononi ni hatari kuliko njaa. Badilisha maji siku 2 au 3 kabla ya kuondoka, si asubuhi ya safari, ili kama umegusa kitu kibaya ukione ungali nyumbani. Jaza ndoo ya kijazio hadi juu, mwaga kikombe cha skima, na mwachie jirani karatasi yenye mambo matatu tu: joto liwe kiasi gani, swichi ipi izimwe maji yakimwagika, na namba ya simu ya mtu anayejua matangi.